Mafuta ya habasoda na uvimbe wa utumbo mpana: yanapimwaje ili tujue kama kweli yanatibu?

Dada_Muuguzaji ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa maabara, famasia au tiba. Mdogo wangu ana kolaitisi ya vidonda, yaani ule ugonjwa ambao utando wa ndani wa utumbo mpana huvimba, huchubuka na kutoa damu, ukatulia kwa muda, kisha ukaamka tena. Anatumia mesalazini kwa maelekezo ya daktari. Kwa sasa hali yake si mbaya, ingawa bado zipo siku anakwenda haja mara nyingi na kuona kamasi yenye damu kidogo.

Mama yetu mkubwa hutengeneza mafuta kwa njia aliyoirithi kwa wazee wake. Mbegu za habasoda hupondwa, hupikwa kwa moto mdogo ndani ya mafuta ya ufuta hadi harufu ibadilike, kisha huchujwa kwa kitambaa na kutiwa kwenye chupa. Anayaamini kwa dhati, nami simdharau, kwa sababu dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea. Juzi ndugu yetu mmoja ametuletea taarifa inayosema kwamba panya wenye uvimbe wa utumbo waliopewa mafuta ya habasoda walipata nafuu kubwa, na sasa nyumbani wote wanasema jambo limethibitishwa.

Maswali yangu ni haya. Panya kupata nafuu maana yake nini hasa kwa mtu anayeumwa? Mafuta kama haya yakitaka kupimwa kwa haki kwa binadamu, hupimwaje? Na ikiwa mdogo wangu ataanza kunywa kijiko kila siku, tutajuaje kwamba ni mafuta yaliyomsaidia na si ugonjwa uliotulia wenyewe? Sitafuti wa kunitia moyo wala wa kunikatisha tamaa; nataka kuelewa kazi hii hufanywaje.

Mtu_wa_Maabara amejibu:

Dada, pole sana kwa kuuguza. Nitajibu swali la panya, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifahamu.

Panya wa maabara hawaugui kolaitisi ya vidonda kama anavyougua mdogo wako. Sisi ndio tunaowatia ugonjwa. Njia ya haraka ni kuingiza asidi asetiki iliyopunguzwa makali kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa. Asidi huunguza utando, na ndani ya siku moja au mbili vidonda vinaonekana. Njia nyingine hutumia kemikali iitwayo TNBS iliyochanganywa na alikoholi, ambapo alikoholi hubomoa kinga ya utando ili kemikali ipenye na kuchokoza kinga ya mwili. Ya tatu ni kuwawekea kwenye maji ya kunywa chumvi ya dekstrani, ile inayofupishwa DSS, kwa siku tano hadi saba hivi, mpaka waharishe damu na kupungua uzito.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho taarifa za mitandaoni hazikitaji kamwe. Kidonda cha asidi asetiki ni kidonda cha kuungua, na panya asiyepewa chochote naye huanza kupona mwenyewe baada ya siku chache. Kwa hiyo, dawa ikionekana kufanya kazi katika jaribio la namna hiyo, kilichothibitika ni kwamba imepunguza ukali wa kuungua au imeharakisha kupona kwa jeraha jipya. Kolaitisi ya mdogo wako ni ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe haitulii, na unarudi miaka na miaka. Majaribio ya TNBS na DSS yanakaribia kidogo hali hiyo, lakini nayo hayaufikii ugonjwa wenyewe.

Jambo la pili ni wakati wa kuanza dawa. Katika majaribio mengi ya mimea, panya huanza kupewa mafuta siku kadhaa kabla ya kutiwa ugonjwa. Hapo mtafiti anapima kinga dhidi ya jeraha, hali mdogo wako tayari anaumwa na anahitaji tiba. Ukipata taarifa kamili ya utafiti, usikimbilie hitimisho. Nenda kwenye sehemu ya mbinu, utafute panya walianza kupewa mafuta siku gani.

Kazi yenyewe ikifanywa vizuri ni ya uangalifu mkubwa. Mwisho wa jaribio utumbo mpana hutolewa, hupimwa urefu na uzito, kwa sababu utumbo uliovimba huwa mfupi na mzito kuliko kawaida. Kisha hupasuliwa kwa urefu, huoshwa kwa maji ya chumvi na kutandazwa kwenye ubao, na vidonda hupewa alama na mtu asiyejua panya huyo alikuwa katika kundi gani. Vipande vyembamba hupelekwa kwenye hadubini kuona kama chembechembe nyeupe za damu zimejaa kwenye tishu. Hupimwa pia kimeng'enya cha mayeloperoksidesi, ambacho huonyesha ni kwa kiasi gani chembechembe hizo zimevamia. Ikiwa mtoa alama alijua nani kapewa mafuta, mimi matokeo hayo siyategemei, hata yawe mazuri namna gani.

Ni kweli kwamba mafuta ya habasoda, pamoja na kiini chake kiitwacho thaimokwinoni, yamepunguza uvimbe kwa panya katika majaribio ya asidi asetiki na ya TNBS. Hilo silikatai, na linatosha kumfanya mtafiti aendelee. Tatizo ni kipimo. Tuseme panya walipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito. Huwezi kuzidisha 400 kwa kilo 60 za mtu ukapata gramu 24, kwa sababu mwili mdogo huchakata dawa haraka kuliko mwili mkubwa. Kanuni inayotumika kulinganisha hugawanya kipimo cha panya mkubwa wa maabara kwa takriban 6, ukapata kama miligramu 65 kwa kilo, yaani karibu gramu 4 kwa mtu huyo, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Nayo ni makadirio ya kuanzia utafiti tu, tena ni ya mafuta yaleyale waliyopewa panya, ambayo kwa kawaida hukamuliwa kwenye mbegu moja kwa moja. Ya mama mkubwa, kwa maelezo yako, ni mafuta ya ufuta yaliyopikiwa habasoda ndani yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mfamasia_Mzoefu amejibu:

Naanzia hapo alipoishia ndugu wa maabara, kwa sababu kwangu swali la kwanza ni: ndani ya chupa kuna nini?

Mbegu ya habasoda ina mafuta ya aina mbili. Mengi ni mafuta mazito ya kawaida, ambayo zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki, iliyomo pia kwenye mafuta mengi ya mbegu. Sehemu ndogo sana ni mafuta mepesi yanayopaa hewani, na humo ndimo thaimokwinoni ilimo kwa wingi. Kiini hicho hakivumilii joto wala mwanga. Mama mkubwa anapopika mpaka harufu ibadilike, sehemu ya kile kinachotarajiwa kutibu inaondoka na mvuke. Simaanishi kwamba mafuta yake hayana kitu. Namaanisha kwamba chupa ya leo na ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana kabisa, na kitu kisichofanana na chenyewe hakipimiki. Kwa hiyo mtafiti makini, kabla hajamgusa panya wala mtu, hupima kiasi cha thaimokwinoni katika kila toleo, huangalia kama mafuta yameanza kuchacha, huhakikisha hayana kuvu wala mabaki ya metali, kisha huyahifadhi kwenye chupa nyeusi mahali pa baridi.

Swali la pili, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote, ni kama mafuta yanafika penye kidonda. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru na kupanda juu kwenye utumbo mpana. Mafuta yakinywewa hukutana na nyongo na vimeng'enya vya kongosho, yakavunjwa na kufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba. Kinachofika kwenye utumbo mpana ni kidogo mno. Mesalazini nayo ingefyonzwa juu vilevile kama si ufundi wa kuitengeneza: aina nyingi za vidonge vyake zimefunikwa kwa utando usioyeyuka tumboni, unaoyeyuka pale tu pH, yaani kipimo cha uchachu, inapokaribia 7, mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asivunje wala kutafuna kidonge hicho.

Historia ya dawa hiyo inafundisha jinsi ya kupima mchanganyiko wa kienyeji pia. Sulfasalazini, iliyobuniwa na daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, ilitumika kwa miongo kadhaa bila watu kujua ni sehemu yake ipi inayotibu. Bakteria wa utumbo mpana huivunja vipande viwili. Mwaka 1977 Azad Khan, Piris na Truelove walichapisha jaribio ambalo wagonjwa waliwekewa enema, yaani dawa ya majimaji inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, wengine ya dawa nzima, wengine ya kipande kimoja na wengine ya kipande cha pili. Waliopata kipande ambacho leo tunakiita mesalazini walipata nafuu sawa na waliopata dawa nzima, na waliopata kipande kingine nafuu yao ilikuwa ndogo. Kwa njia hiyo dawa iliwekwa moja kwa moja penye ugonjwa na kila kipande kikajitetea chenyewe. Mafuta ya habasoda yanahitaji jaribio la namna hiyo: mafuta mazito peke yake, mafuta mepesi peke yake, na yote pamoja.

Na kundi la kulinganisha je? Hapa mafuta yana ugumu wake. Plasebo, yaani dawa isiyo na kiini, lazima ifanane na dawa kwa rangi, uzito, ladha na harufu. Habasoda ina harufu kali na uchungu unaotambulika mara moja. Mgonjwa akijua kwamba chupa yake haina habasoda, jaribio limeshaharibika. Halafu ukitumia mafuta mengine kama plasebo, hayo nayo si maji. Mafuta ya ufuta yana viambata vyake vinavyoweza kugusa uvimbe. Kwa mafuta ya mama mkubwa, kundi la haki ni lile linalopewa mafuta ya ufuta yaleyale, yaliyopikwa kwa moto uleule na kwa muda uleule, bila habasoda, yakiwa ndani ya kapsuli ili harufu isijulikane. Bila hivyo, hata nafuu ikipatikana, hutajua imetoka kwenye mbegu au kwenye ufuta.

Daktari_wa_Matumbo amejibu:

Ndugu zangu wawili wamefafanua vizuri. Naomba nizungumzie majaribio kwa wagonjwa, kisha nirudi kwa mdogo wako, dada.

Kwa nini tunasisitiza kundi la plasebo? Katika majaribio ya kolaitisi ya vidonda, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu waliopewa plasebo huonyesha nafuu, na kama mmoja kati ya kumi hufikia hatua ya ugonjwa kutulia kabisa. Hawadanganyi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, na watu huanza dawa mpya wakati hali ni mbaya, yaani wakati ambao huenda ungeshuka wenyewe. Mwaka 1955 Truelove na Witts walipochapisha jaribio lao la kotizoni kwa wagonjwa 210, asilimia 41.3 ya waliopata kotizoni walitulia ndani ya wiki sita, na wasioipata ni asilimia 15.8. Lau wangetazama kundi la kwanza peke yake, wasingejua ni kiasi gani cha nafuu ile kilikuwa cha dawa.

Mafuta nayo yana kisa chake katika fani yetu, nacho huwa nakieleza kila ninapoulizwa swali kama lako. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa mafuta ya samaki kwa wagonjwa 78 wa Crohn, ambao ni ndugu wa kolaitisi ya vidonda. Ugonjwa ulikuwa umetulia, na baada ya mwaka mmoja uliwarudia asilimia 28 ya waliopata mafuta, dhidi ya asilimia 69 ya waliopata plasebo. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa haki kabisa. Kisha mwaka 2008 yakatoka majaribio mawili makubwa zaidi, yaliyojumuisha wagonjwa zaidi ya 700, na tofauti ile haikuonekana: makundi yote mawili yalirudiwa na ugonjwa karibu sawa. Kikundi kidogo cha wagonjwa kinaweza kutoa matokeo ya kuvutia kwa bahati tu, na kwa maoni yangu kipimo kimoja chenye matokeo mazuri ni sababu ya kurudia kipimo, si ya kuanza kuuza chupa.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Yapo majaribio ya mimea yaliyofanywa kwa utaratibu mzuri na kuonyesha faida. Mwaka 2006 watafiti wa Japani waliwapa wagonjwa 89 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia gramu 2 za kurkumini, kiini cha manjano, au plasebo kwa miezi sita, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida. Ugonjwa uliwarudia wachache zaidi katika kundi la kurkumini. Zingatia maneno hayo: wakiendelea na dawa zao za kawaida. Hakuna kamati ya maadili makini itakayoruhusu mgonjwa anyang'anywe dawa iliyothibitishwa ili ajaribiwe mafuta. Utafiti wa namna hii huongeza kitu juu ya dawa, hauiondoi.

Na mmea kufanya kazi hakumaanishi kwamba ni salama. Hukohuko Japani, unga wa nili ulipimwa kwa wagonjwa 86, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, na zaidi ya theluthi mbili ya walioutumia walipata nafuu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu mgonjwa mmoja nje ya utafiti huo, aliyekuwa akijitumilia nili mwenyewe, alipata shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Madhara ya aina hiyo hayaonekani kwa macho nyumbani mpaka yamekomaa.

Sasa mdogo wako. Ikiwa familia imeamua, hatua ya kwanza ni daktari wake ajulishwe kabla, si baada. Habasoda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za maradhi hayo, au za kuzuia damu isigande, anahitaji tahadhari zaidi. Kama anatumia pia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, vipimo vya ini na damu visirukwe, maana ini likipata shida ni lazima tujue limeumizwa na nini.

Kuhusu kujua kama yanasaidia, hisia peke yake hazitoshi, ingawa sizipuuzi. Kuna kipimo cha kinyesi kiitwacho kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembechembe nyeupe zilizovamia utando wa utumbo. Chini ya maikrogramu 50 kwa gramu huhesabiwa kuwa kawaida. Zaidi ya 250 huashiria kwamba uvimbe bado unawaka. Apimwe kabla ya kuanza na arudie baada ya wiki kadhaa, dawa zake zikiwa zilezile bila kuongezwa wala kupunguzwa. Awe pia na daftari la kila siku: amekwenda haja mara ngapi, ameona damu au la, ameamka usiku au la. Hata hivyo vipimo vyote hivyo vikiwa vizuri, kwa mtu mmoja hatuwezi kusema ni mafuta. Tunaweza kusema tu kwamba ametulia akiwa anayatumia.

Akifika mahali anakwenda haja yenye damu mara sita au zaidi kwa siku, na juu ya hayo ana homa ya kupita 37.8, au mapigo ya moyo yamepita 90 kwa dakika, au hemoglobini ya damu imeshuka chini ya gramu 10.5 kwa desilita, huo ni mlipuko mkali. Mafuta yawekwe kando na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Dada_Muuguzaji ameandika:

Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea mama mkubwa majibu yenu, naye ameuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ikiwa mafuta ya kunywa hayafiki kwenye utumbo mpana, na hospitali wanatumia enema, je, hawezi kuyaweka kwa njia hiyo hapa nyumbani?

Mfamasia_Mzoefu amejibu:

Ni swali la mtu anayefikiri, na mfikishie salamu zangu za heshima. Lakini jibu ni hapana. Enema ya hospitali imepimwa uchachu wake na usafi wake, na imetengenezwa ili isichome utando. Mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa yana chembe za mbegu na huenda yana vijidudu, na mnayaweka juu ya utando uliochubuka, ambao tayari umepoteza kinga yake. Mafuta mepesi ya mimea huweza pia kuwasha na kuunguza utando laini; kumbuka ndugu wa maabara ameeleza kwamba panya hutiwa ugonjwa kwa kuwekewa kitu kinachochoma kwa njia hiyohiyo. Ikiwa kwa mdogo wako uvimbe uko zaidi kwenye puru na sehemu ya chini, ziko enema na vidonge vya kuweka vya mesalazini, na mara nyingi kuvitumia pamoja na vidonge vya kumeza husaidia zaidi kuliko vya kumeza peke yake. Muulizeni daktari wake kama vinamfaa.

Daktari_wa_Matumbo amejibu:

Naunga mkono. Na mnapokwenda kliniki, bebeni chupa yenyewe ya mafuta pamoja na lile daftari, mumweleze daktari yalivyotengenezwa kama ulivyotueleza sisi: mbegu, ufuta, moto na kuchuja. Ombeni kalprotektini ipimwe siku hiyo, kabla ya kijiko cha kwanza.